Majani ya vuli katika White Mountains, New Hampshire: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari na picha

Ukurasa huu ni wa mtu anayepanga kwenda kutazama na kupiga picha misitu ya milima ya White Mountains, kaskazini mashariki mwa Marekani, majani yanapogeuka rangi. Umbali uko kwa maili na mwinuko kwa futi, kwa kuwa ndivyo vibao vya huko vilivyoandikwa. Saa tumezisema kwa Kiswahili: saa 1 asubuhi ni ile ambayo simu yako itaandika 7:00.

## Mambo ya kuanzia

Vuli hii ndiyo vuli yetu ya mvua?

Hapana, zinagongana miezi tu. Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Huko ni majira yanayofuata kiangazi, miti inapojiandaa kwa baridi. Koti la mvua beba vilevile.

Kwa nini majani hugeuka rangi?

Siku zikifupika, mti huanza kuziba njia kati ya jani na tawi, na klorofili inayolipa jani ukijani huvunjika bila kutengenezwa nyingine. Rangi ya njano na ya machungwa ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu na kijani. Nyekundu ni jambo lingine: jani huitengeneza upya kutokana na sukari iliyonasa ndani yake, na kazi hiyo inataka jua la mchana na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha.

Ndiyo maana njano haikosekani mwaka wowote, ila nyekundu hupanda na kushuka. Miti ya mepo (maple kwa Kiingereza), yaani mepo nyekundu na mepo ya sukari, ndiyo inayotoa nyekundu na machungwa. Mibetula, yenye magome meupe au ya dhahabu, hutoa njano. Mialoni huja mwisho, na rangi yake ni kahawia yenye wekundu.

Kwa nini New Hampshire?

Kwa sababu mabonde, mito, misitu mchanganyiko na barabara za lami vyote viko ndani ya eneo ambalo gari hulizunguka kwa siku moja, huku mwinuko ukipanda kutoka chini ya futi 600 pale Conway hadi futi 6,288 kwenye kilele cha Mount Washington. Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo itakayokuokoa tarehe zikienda kombo. Tazama swali la kilele hapa chini.

Halafu ni karibu na watu wetu. Waswahili wengi kutoka Kongo, Burundi na Tanzania wanaishi Manchester na Concord, na wengine Portland na Lewiston huko Maine. Kwao ni safari ya asubuhi na kurudi jioni.

Hatuna kitu kama hiki Afrika Mashariki?

Tunacho, ila kinakwenda kinyume. Misitu ya miyombo ya magharibi na kusini mwa Tanzania hupata wekundu na rangi ya shaba kabla ya mvua, kati ya Agosti na Oktoba, lakini yale ni majani machanga yanayochipua, siyo yanayokufa. Rangi yenyewe ni ya jamii moja na ile nyekundu ya mepo. Ukiwa Tabora au Katavi mwezi wa tisa, mengi ya sehemu ya picha hapa chini yatakufaa bila kupanda ndege.

## Kuchagua wakati

Kilele cha rangi ni lini hasa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na limeulizwa vibaya. Hakuna tarehe ya kilele cha White Mountains. Kuna mstari wa rangi unaoanzia juu na kaskazini, kisha unateremka mlima taratibu kwa muda wa wiki tatu. Uliza mstari uko mwinuko gani wiki hiyo.

Kwa mwaka wa kawaida, mambo huenda hivi. Kaskazini ya mbali, maeneo ya Dixville Notch na Pittsburg, na miteremko ya kati ya futi 2,000 na 3,000, hushika rangi wiki ya mwisho ya Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba. Mapito ya Franconia na Crawford (pito, au Notch, ni upenyo kati ya milima), pamoja na sehemu ya juu ya barabara ya Kancamagus, hufuata tarehe 1 hadi 10 Oktoba. Bonde la Conway huwa zuri tarehe 5 hadi 15. Concord na eneo la maziwa ni katikati ya Oktoba, na Manchester hadi pwani huchelewa mpaka siku ya 25 hivi. Mwaka mmoja unaweza kuwahi au kuchelewa siku nne, tano hadi wiki.

Jambo moja linalowashangaza wageni: vilele vyenyewe havigeuki rangi. Juu ya futi 3,000 hivi msitu ni wa misonobari na jamii zake, na hiyo hubaki kijani kibichi cha giza. Rangi ni mshipi katikati ya mlima. Picha nyingi nzuri zinapatikana kwa kuukazia mshipi huo na kuacha kilele.

Nakata tiketi ya ndege miezi sita kabla. Nichague siku zipi?

Tarehe 2 hadi 8 Oktoba, siku za katikati ya wiki, usiku usiopungua mitatu. Lala Lincoln, North Conway au Bartlett, mahali ambapo ndani ya dakika 40 za gari unaweza kupanda hadi mapitoni au kushuka bondeni. Usichague hoteli kileleni wala mbali kusini. Utajifunga kwenye mwinuko mmoja.

Weka nafasi inayoweza kufutwa. Vyumba vya Oktoba huisha mapema, tena vingi hudai ulale siku mbili wikiendi.

Nimefika mapema mno, kila kitu ni kijani.

Panda juu na uende kaskazini. Kisha tafuta maji. Mepo nyekundu zilizosimama kwenye vinamasi na kingo za madimbwi hugeuka wiki moja hadi mbili kabla ya wenzao, hata katikati ya Septemba. Mti mmoja mwekundu uliozungukwa na kijani, kivuli chake kikiwa majini, ni picha bora kuliko mlima mzima wa rangi nusunusu.

Nimechelewa, majani yameanguka.

Shuka. Kila futi 1,000 unazoteremka zinakurudisha nyuma siku kadhaa. Ndani ya msitu tazama mibiichi, ambayo hubaki na majani ya rangi ya shaba baada ya mepo kupukutika, na mialoni ya upande wa kusini.

Halafu kuna tamaraki. Huu ni mti wa jamii ya misonobari unaofanya kinyume na ukoo wake: sindano zake hugeuka dhahabu na kuanguka. Hukaa kwenye vinamasi, na hushika rangi nusu ya pili ya Oktoba, wakati watalii wamekwisha kuondoka na bei za vyumba zimeshuka. Hifadhi ya Pondicherry, pale Jefferson na Whitefield, ni mahali pazuri pa kuiona, milima ikiwa nyuma.

Ramani za utabiri wa rangi zinaaminika?

Zile zinazotolewa Agosti ni hesabu za wastani wa miaka iliyopita zilizopakwa rangi, basi. Zitumie kupata picha ya jumla. Kuanzia wiki ya tatu ya Septemba achana nazo, fuata kamera za moja kwa moja za vituo vya kuteleza thelujini na hoteli za milimani. Angalia kamera ileile kila siku saa ileile kwa siku tano. Utaona mstari unavyoshuka.

Ukame au mvua nyingi huharibu?

Ukame mkali wa kiangazi huwahisha rangi na kukausha kingo za majani, hasa kwenye miamba yenye udongo haba. Joto lisilopungua usiku hufifisha nyekundu. Lakini adui mkubwa ni upepo wenye mvua ukija wakati wa kilele: usiku mmoja unatosha kuvua mlima. Ukiona utabiri wa namna hiyo, piga picha zako kuu kabla haujafika, usisubiri "siku ya jua".

Wikiendi ya Columbus Day ni mbaya kiasi hicho?

Ndiyo. Sikukuu hiyo huangukia Jumatatu ya pili ya Oktoba, na wikiendi yake ndiyo yenye msongamano kupita zote za mwaka. Magari husimama kwenye barabara kuu ya I-93 katika pito la Franconia, ambako barabara hubaki na njia moja kila upande na mwendo wa maili 45 kwa saa. Ikiwa kazini hupati siku nyingine, ingia milimani kabla ya alfajiri, maliza saa 4 asubuhi, kisha hamia barabara za kaskazini kama Route 2 na Route 26.

## Kufika, karatasi na gharama

Ni mbali kiasi gani, na bila gari inawezekana?

Boston hadi Lincoln ni kama maili 130 (kilomita 210), saa mbili na dakika chache barabara ikiwa wazi. Kutoka Manchester ni kama maili 80. Kutoka Portland hadi Conway ni kama maili 60.

Mabasi yapo kutoka Boston mpaka milimani, lakini likishakushusha umekwama: hakuna daladala ya kukupeleka kwenye maporomoko. Watu watatu au wanne wakichangia gari la kukodi, gharama huwa ya kawaida.

Leseni yangu ya nyumbani inakubaliwa kukodi gari?

Leseni za Kenya na Tanzania zina maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo mara nyingi hazina shida. Zilizoandikwa Kifaransa peke yake, kama za Kongo au Burundi, ziambatanishe na kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hicho hutolewa katika nchi iliyokupa leseni. Kichukue kabla ya kusafiri. Uliza pia umri: kampuni nyingi huongeza ada kwa dereva aliye chini ya miaka 25.

Nibebe karatasi gani za uhamiaji?

Beba hati yako halisi ya ukaaji, au pasipoti yenye viza, hata kama unatoka Manchester tu. Mpaka wa Canada uko karibu, na askari wa mpaka wamewahi kuweka kizuizi cha ukaguzi kwenye I-93 pale Woodstock, kusini ya Lincoln. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi aongee na mwanasheria wake kabla ya safari. Na ukienda kaskazini ya Pittsburg kufukuzia rangi, tazama ramani kwa makini ili usijikute mpakani.

Kuna kiingilio?

Barabara ni bure. Maegesho mengi ya Msitu wa Taifa wa White Mountain hutoza dola 5 kwa siku: unachukua bahasha kwenye kibanda, unatia pesa, unaitumbukiza, na kipande unachobaki nacho unakiweka mbele ya kioo. Beba noti ndogo, hakuna wa kukupa chenji. Pasi ya mwaka ya mbuga za taifa za Marekani inakubaliwa pia.

Franconia Notch ni bustani ya jimbo, hivyo pasi hiyo haifanyi kazi huko. Korongo la Flume lina tiketi yake. Inunue mtandaoni mapema.

New Hampshire haina kodi ya jumla ya mauzo dukani, ila vyumba na chakula cha mgahawani hutozwa asilimia 8.5. Iweke kwenye bajeti kabla hujashangaa bili.

## Barabara na mahali pa kusimama

Kancamagus niipite vipi?

Ni Route 112 kutoka Lincoln hadi Conway, maili 34.5, na pito lake la juu liko futi 2,855. Wenyeji hutamka kama "Kankamogasi". Jina ni la kiongozi wa Wapennacook, wenyeji wa asili wa huko, wa karne ya 17.

Njia nzima haina sheli, duka wala hoteli, na sehemu kubwa haina mtandao wa simu. Jaza mafuta Lincoln au Conway, pakua ramani kabla, na nunua chakula. Bila kusimama ni saa moja. Ukiwa na kamera, tenga saa tano.

Mwelekeo una maana. Asubuhi anzia Conway uelekee magharibi, alasiri anzia Lincoln uelekee mashariki. Jua litakuwa mgongoni na hutaendesha ukiwa umefumba macho. Ila ukitaka majani yanayowaka kama taa, fanya kinyume: jani la mepo lina uhai zaidi mwanga ukipita ndani yake kuliko ukilipiga usoni.

Vituo vya kutopitwa, kuanzia Conway: daraja la mbao lenye paa la Albany, la mwaka 1858, Lower Falls, Rocky Gorge, Sabbaday Falls, mwendo mfupi wa miguu, kisha maporomoko yanayopinda ndani ya mwamba, na mwishoni Pemigewasset Overlook, inayotazama magharibi, kwa machweo. Barabara ya Bear Notch huikata njia hii na kukutoa Bartlett, maili 9. Siku za msongamano ndiyo mlango wako wa kutokea.

Mwamba wa Artist's Bluff una thamani ya kelele zake?

Mandhari ndiyo: ziwa Echo chini, barabara ikipinda, pito la Franconia mbele na mlima Cannon kulia. Ni mwendo mfupi, ila una mawe ya kupanda kwa mikono. Mwamba wenyewe ni mdogo, na alfajiri ya Oktoba unakuta tripodi zimejipanga kama foleni ya maji. Toka I-93 kwa Exit 34C. Maegesho yakijaa usiache gari kando ya barabara kuu; litavutwa.

Unatazama kusini, kwa hiyo jua la asubuhi huingia kutoka kushoto na kuangaza upande wa Cannon kwanza. Pito lenyewe hubaki kivulini muda mrefu. Usifike na kuondoka dakika kumi baada ya jua kuchomoza kama wafanyavyo wengi.

Ukishindwa kupata nafasi, nenda Mount Willard katika pito la Crawford: maili 3.2 kwenda na kurudi, kupanda kama futi 900, na juu unaona bonde lote lililochongwa na barafu kwa umbo la herufi U. Asubuhi mwanga huangukia ukuta wa kulia, alasiri ukuta wa kushoto. Kwetu sisi hii ndiyo picha bora.

Tuna watoto wadogo na bibi asiyeweza kupanda.

Lower Falls na daraja la Albany viko karibu kabisa na maegesho. Treni ya Conway Scenic Railroad hupita kwenye madaraja na miamba ya pito la Crawford bibi akiwa ameketi. Barabara ya kulipia ya Mount Washington, iliyofunguliwa 1861, na treni ya meno iliyofika kileleni 1869, zinakupeleka juu kabisa, lakini kumbuka kule hakuna majani. Unaenda kutazama rangi iliyo chini. Korongo la Flume ni zuri, ila ni mzunguko wa kama maili 2 wenye ngazi nyingi. Magoti ya bibi yatalalamika.

## Kupiga picha

Simu inatosha?

Kwa mandhari ya mchana, inatosha. Gusa sehemu angavu zaidi ya majani kwenye skrini, shikilia hadi mwanga ufungwe, kisha vuta kialama cha jua chini kidogo. Simu hupenda kuongeza rangi zenyewe, na vuli haihitaji msaada huo. Inapokushinda ni maji yanayotiririka na lenzi ndefu.

Nipige saa ngapi?

Mwanzoni mwa Oktoba jua huchomoza kama saa 12:45 asubuhi na kuzama kama saa 12:20 jioni, na siku hupungua karibu dakika 3 kila siku. Saa za jua la pembeni ni nzuri kwa milima.

Ndani ya msitu na kwenye maporomoko, omba mawingu. Jua kali la mchana hutengeneza mabaka meupe na vivuli vyeusi ambavyo hakuna programu itakayovirekebisha. Mvua nyepesi ni bora zaidi: magome huwa meusi na rangi za majani hukolea. Watu hukaa hotelini wakinung'unika siku hiyo, na wewe una maporomoko peke yako.

Kichujio cha polaraiza ni cha lazima?

Kikiwa kimoja tu cha kununua, nunua hicho. Majani yana nta, na nta hung'aa weupe unaofunika rangi. Zungusha kichujio ukitazama majani, siyo anga, mpaka weupe uondoke. Hula mwanga wa stopu moja hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Kwa lenzi pana chini ya milimita 24 tahadhari: anga litatoka na doa la buluu nzito upande mmoja. Na ukipiga bila kichujio, hakuna programu ya kuhariri itakayorudisha rangi iliyofunikwa na mng'ao huo.

Nyekundu zangu zinatoka kama rangi iliyomwagika.

Chaneli nyekundu imejaa kupita kiasi. Histogramu (grafu ya mwangaza) ya jumla inaweza kuonekana salama huku nyekundu imekatika, kwa hiyo washa histogramu ya rangi tatu. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili za stopu, piga RAW (faili ghafi la kamera), weka mizani ya weupe kwenye "mchana" badala ya otomatiki, maana otomatiki huona rangi ya machungwa nyingi na kuipoza. Wakati wa kuhariri shusha ukolezi wa nyekundu kabla ya kupandisha chochote.

Maporomoko na upepo: shata ngapi?

Maji ya hariri huja kati ya nusu sekunde na sekunde 2, tripodi ikiwa imara na picha ikipigwa kwa saa ya kuchelewesha. Tatizo ni matawi yanayotikisika fremu hiyohiyo. Piga mbili bila kusogeza tripodi: moja ya sekunde 1 kwa maji, nyingine ya 1/250 na ISO ya juu kwa majani, uziunganishe baadaye.

Picha za watu: nyuso zetu zinatoka nyeusi, au zenye ukijani wa njano.

Haya ni makosa mawili tofauti. Giza linatokea kwa sababu kamera inapima majani angavu yaliyo nyuma. Pima uso: gusa uso kwenye skrini, fungia mwanga, na ukubali nyuma ing'ae kidogo. Kwenye kamera ongeza stopu moja.

Ukijani wa njano unatoka juu. Ukimsimamisha mtu chini ya matawi, kila mwanga unaomfikia umechujwa na majani ya njano. Msogeze ukingoni mwa msitu, uso uelekee anga wazi, majani yabaki nyuma yake hatua kumi hivi. Kanga yenye mji mweupe ikikunjuliwa mapajani au ikishikwa na mtu chini ya kamera hurudisha mwanga laini kwenye macho na kidevu, vizuri kama vifaa vinavyouzwa.

Legeza polaraiza. Mng'ao mdogo kwenye shavu na paji la uso ndio unaoipa ngozi nyeusi umbo. Kichujio kikiuondoa wote, uso unakuwa bapa. Kuhusu nguo, kitenge cha machungwa kitamezwa na msitu. Buluu ya bahari, nyeupe au zambarau husimama.

Picha ya msitu mpana inatoka fujo tupu.

Lenzi pana inabeba kila kitu na haisemi chochote. Chukua lenzi ya milimita 70 hadi 200 na uchune kipande: shina jeupe la mbetula mbele ya ukuta mwekundu, au mstari ambapo mepo hukutana na misonobari. Wingu linapopita na kuacha sehemu moja tu ya mteremko juani, hiyo ndiyo picha. Subiri.

Droni?

Kwenye Msitu wa Taifa unaweza kurusha nje ya maeneo yaliyotengwa kuwa nyika, ukifuata kanuni za anga za Marekani, ikiwemo jaribio fupi la mtandaoni kwa warushaji wa burudani. Katika bustani za jimbo, kama Franconia Notch, inahitaji kibali maalumu. Usirushe juu ya watu wala juu ya barabara.

## Usalama

Nivae nini?

Bondeni mchana huweza kuwa nyuzi 15, alfajiri 2, na kileleni chini ya sifuri siku hiyohiyo. Theluji ya Oktoba juu siyo ajabu. Kwenye Mount Washington upepo wa maili 231 kwa saa ulipimwa tarehe 12 Aprili 1934, na hali ya huko hubadilika ndani ya saa moja.

Acha jinzi na fulana ya pamba. Pamba ikilowa haikauki, na mtu hupoa hadi kuzidiwa hata nyuzi 8. Vaa sufu au polista karibu na ngozi, sweta katikati, koti la kuzuia upepo juu. Glavu nyembamba zinazogusa skrini, na betri ya ziada mfuko wa ndani.

Nikichelewa mlimani giza likaingia?

Taa ya kichwani kila mtu, siyo tochi ya simu. Kuna zaidi: New Hampshire inaweza kumdai gharama za uokoaji mtu aliyeonekana kuwa mzembe, na kupanda bila taa wala nguo ni uzembe. Kadi ya hikeSafe, dola 25 kwa mtu na 35 kwa familia kwa mwaka, inakukinga na bili hiyo kwa uzembe wa kawaida.

Wanyama?

Wa kumwogopa ni muusi, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mrefu kama farasi, na hatari yake iko barabarani. Rangi yake ni ya giza, na macho yake yako juu ya mwanga wa taa za gari, kwa hiyo hayang'ai kama ya wanyama wengine. Ukimgonga, miguu hukatika na mwili huingia kwa kioo cha mbele. Jioni na usiku punguza mwendo. Ukimkuta malishoni, kaa ndani ya gari na utumie lenzi ndefu.

Kupe wanaobeba ugonjwa wa Lyme bado wapo Oktoba. Jikague nyuma ya magoti na kiunoni kila jioni. Msimu wa uwindaji nao umeanza, basi vaa kitu cha machungwa angavu ukiingia msituni mbali na njia kuu, hata kama swali la picha hapo juu limesema kinamezwa.

Naweza kuja na kuni zangu za kambini?

Kuni zisizokaushwa kitaalamu kutoka nje ya New Hampshire haziruhusiwi kuingia, kwa sababu hubeba wadudu wanaoua miti. Nunua hukohuko, karibu na unapolala. Utaona zinauzwa vibandani nje ya nyumba za watu, na sanduku la kutumbukizia pesa.